Marehemu Aliyechimba Mtaro

Mtu akiniambia kwamba mashirika ya misaada yanaendeshwa na watu wenye huruma, huwa namwacha amalize kwanza. Nilifanya kazi katika mojawapo, shirika dogo la maji lililokuwa na ofisi Embu mjini, na huruma niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa nyingi. Ilichapishwa kwa rangi kwenye karatasi nzito inayong'aa, na ndiyo iliyonifukuza kazini.

Mimi ni mtu wa Kibirichia. Nimekulia kwenye baridi na viazi, mahali ambapo maji hayakuwa habari ya kuzungumzwa. Kwa hiyo niliposhushwa kikazi nyanda za chini za Mbeere, upande wa Kiambere, kitu cha kwanza kilichonikasirisha ni lile bwawa. Maji yametanda mpaka macho yachoke. Umeme unazalishwa pale, nyaya zinapita juu ya vichwa vya watu kwenda kuwasha miji ya wengine, na mama anayeyatazama hayo yote kutoka mlangoni kwake hana bomba wala balbu. Akitaka maji anateremka na punda mpaka ukingoni, na ukingoni kuna mamba. Karibu kila boma nililoingia lilikuwa na habari ya mtu wao, au wa jirani, aliyekamatwa.

Kazi yetu ilikuwa kuwaondoa akina mama pale ukingoni. Tulikuwa tumechimba kisima na kujenga tangi karibu na soko, mbali na kijiji kuliko hata bwawa. Lililobaki ni bomba la kutoka kwenye tangi kupanda mpaka kijijini. Mfadhili wetu, shirika la ng'ambo, alisema atanunua mabomba ikiwa wanakijiji watachimba mtaro wenyewe, ili ionekane kwamba mradi ni wao. Basi wakachimba. Aliyewahi kushika sululu Mbeere wakati wa kiangazi ataelewa ninachosema. Chuma kinaruka na mikono inabaki na ganzi mpaka jioni. Aliyekuwa mbele ya wote ni mume wa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mzee mrefu, mkimya, mkulima wa ndengu na muguka, ile miraa ya majani. Sehemu ya mtaro inayopita kwenye mwamba aliichimba peke yake. Aliuwashia mwamba moto, akaumwagia maji ambayo mkewe alikuwa ameyatoa bwawani, akaugonga mpaka ukapasuka. Kisha akarudia, kipande kwa kipande.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mzee huyo alikuwa hai, tena mwenye nguvu zake.

Shida ilianza na sahani. Kile kikundi cha akina mama, kama vikundi vingi vya kwetu, kilikuwa kimechanga mwezi baada ya mwezi kikanunua viti vya plastiki, sufuria kubwa, sahani, vikombe na hema. Vitu hivyo hukodishwa kwenye harusi na matanga, na kinachopatikana hulipa karo. Mfadhili alipomtuma mkaguzi kutoka Nairobi aje aone kama kijiji kinastahili kununuliwa mabomba, wale mama walifanya kile ambacho watu wao hufanya mgeni akija. Hawakubakisha kitu. Hema likapigwa, viti vikapangwa, meza ikatandikwa kitambaa cha kufuma. Walivaa nguo za Jumapili. Kukawa na kuku, chapati, ndengu za nazi alizojifunza kupika mmoja wao akiwa kazini Mombasa, na soda ya kila rangi. Mkaguzi akaimbiwa. Akala, akakubali kuongezewa chapati bila kubembelezwa. Alipokuwa anaondoka akapewa mbuzi, na mbuzi akaingizwa kwenye buti ya gari.

Alipofika Nairobi akaandika kwamba kikundi kina mali na uwezo, kwamba hali aliyoikuta haionyeshi uhitaji mkubwa, na kwamba mfadhili afikirie vijiji vingine. Mbuzi hakumtaja.

Mkurugenzi wetu aliniita ofisini na taarifa hiyo mkononi. Alikuwa mtu wa Embu ya juu, msomi, mwenye sauti nyororo ambayo siku hiyo ilikuwa imekwaruza.

"Nani aliwaambia waweke tenti?"

"Hakuna aliyewaambia. Mgeni alikuwa anakuja."

"Funder haleti pesa kwa watu wa tenti. Anataka kuona need. Wewe umekaa huko field hii miaka yote na hujawafundisha hiyo kitu?"

"Niwafundishe kumkalisha mgeni kwenye jiwe?"

"Ndiyo," akasema. "Kwenye jiwe."

Nimpe haki yake, maana hasira isiyo na haki ni kelele tu. Mfadhili alilipia saruji na mabomba, lakini hakulipia kodi ya ofisi, wala mafuta ya gari, wala mshahara wa anayeandika hesabu. Wenzetu hawa wa ng'ambo wanataka maji yafike kijijini, ila hawataki kusikia kwamba aliyeyafikisha alikaa kwenye kiti, akawasha taa, akala mchana. Gharama hizo kwao ni aibu. Baadaye mwenye nyumba wetu alitufungia mlango kwa kufuli lake, na kwa muda tulifanyia kazi kwenye hoteli moja karibu na stendi, tukijitia kunywa chai ileile tangu asubuhi huku mhudumu akitutazama kwa jicho la pembeni. Mkurugenzi alikuwa anachomoa huku na kuchomeka kule. Mabomba yakikatwa, shirika lilikuwa limekwisha. Hayo nayaelewa, na wafadhili wa namna hiyo sijawasamehe. Lakini alichofanya baadaye hakikutokana na njaa peke yake.

Alishuka mwenyewe Kiambere na kamera. Akampiga picha mwenyekiti akipanda kutoka bwawani, mtungi wa plastiki mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Picha ilitoka vizuri mno, siwezi kukataa. Mama akaambiwa ni ya ukumbusho wa mradi, akaombwa atie sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza, akatia. Baada ya majuma machache katoni zikaja kutoka kwa mchapishaji, nami nikafungua moja nikiwa nimesimama. Ndani mlikuwa na vijitabu. Kwenye jalada alikuwa yule mama, na chini yake maelezo kwamba huyu ni mjane, kwamba mumewe alikamatwa na mamba alipokuwa akitafuta maji ya watoto wake, na kwamba kila asubuhi analazimika kurudi mahali palepale alipompoteza.

Niliingia kwa mkurugenzi bila kubisha.

"Bosi, huyu mzee yuko hai. Juzi nilimwacha kwenye mtaro."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nini? Huko kuna wajane ama hakuna? Kuna watu wameliwa na mamba ama hakuna?"

"Wapo."

"Basi ni ukweli. Nimeuweka tu kwa mtu mmoja."

"Kwa nini hukuwapiga picha hao wajane?"

Jibu alilonipa alilitoa kwa macho makavu kabisa: "Picha zao hazikutoka poa."

Nilimwambia azichome zile katoni. Akaniambia nimechelewa, kijitabu kilikuwa kimeshatumwa kwa njia ya mtandao na mfadhili amejibu. Bibi mmoja mkubwa wa shirika lile alikuwa amekisoma, amelia, na ametupilia mbali taarifa ya mkaguzi. Angekuja mwenyewe kumwona mjane huyo, kisha mabomba yangenunuliwa. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu. Mwenye nyumba naye alikuwa ameshaahidiwa kodi yake, ndiyo maana kufuli lilikuwa limetoka.

Njia ya mwongo ni fupi. Kijitabu kimoja kilipelekwa kwenye semina ya walimu, na kwenye semina hiyo alikuwapo binti wa yule mzee, anayefundisha Kianjokoma. Alimwona mama yake kwenye jalada, akafurahi, akasoma. Kisha akatoka nje akampigia mama yake simu akiwa hawezi hata kusema vizuri. Mama anasema alichosikia ni kilio, halafu swali: "Baba ameenda lini na hamkuniambia?" Mzee alikuwa palepale uani akichambua muguka. Ikabidi apewe simu amthibitishie mwanawe kwamba yupo.

Walikuja ofisini wote wawili, mume na mke, wamevaa vizuri. Mkurugenzi akawaagizia chai. Mzee hakuigusa.

"Mimi sikuja kutafuta pesa," akasema. "Nataka tu muandike mahali kwamba niko."

Mkurugenzi akaanza kumweleza, kwa ile sauti nyororo, kwamba tukisahihisha jambo moja mfadhili ataanza kuuliza mengine, na akianza kuuliza mabomba hayatakuja. "Mzee, hii ni mambo ya makaratasi tu. Huko ng'ambo hakuna mtu anakujua."

Mkewe ndiye aliyejibu. "Kwetu mtu hai hatangazwi kifo na watu wanyamaze. Hiyo ni kumwita mauti. Lazima mbuzi achinjwe, mzee arudishwe kwa watu. Na mbuzi analetwa na yule aliyesema."

Mkurugenzi akacheka kidogo, si kwa dharau, kwa aibu nadhani. "Mama, mbuzi hayuko kwa bajeti. Nitamwandika kwa laini gani?"

Juma hilohilo alikuwa amewalipia wajumbe wa bodi chakula cha mchana kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Chakula hicho kilikuwa na laini yake kwenye bajeti. Nililisema hilo pale pale, mbele ya wageni, na baadaye nikaandikiwa barua ya onyo. Sikujali. Kilichoniuma ni kwamba yule mzee alirudi nyumbani akachinja mbuzi wake mwenyewe. Mtu ametangazwa amekufa na watu wengine, kwa faida ya watu wengine, na ni yeye anayegharimia kufufuliwa. Watu wa kanisa walisema hayo ni mambo ya zamani, Mkristo hapaswi kuyashughulikia, kisha wakaja wakala nyama.

Siku ya yule bibi wa ng'ambo ilipokaribia, mkurugenzi aliniagiza niende nikamwombe mzee asionekane. Nilikataa. Nilimwambia kinywa changu hakitasema neno hilo kwa mtu mzima. Akaenda mwenyewe, nami nikafuatana naye, maana nilitaka kusikia.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu. "Nikikaa kando, mabomba yatakuja?"

"Yatakuja, mzee. Siku moja tu. Hata si siku nzima."

"Sawa," akasema.

Nilitamani amtukane. Nilitamani achukue ile sululu. Alikubali kwa utulivu kama mtu aliyeombwa apishe njia, na mkurugenzi akamshika mkono akamwita mtu wa maendeleo.

Siku yenyewe hapakuwa na hema wala viti. Akina mama walikuwa wameambiwa wavae nguo za shamba na wasipike, na wakatii, isipokuwa mwenyekiti, ambaye alichemsha chai ya maziwa na kusema kwamba hata akifungwa hatamwacha mtu aliyetoka mbali aondoke na koo kavu. Tulikaa kwenye magogo. Bibi wa ng'ambo alikuwa mtu wa makamo, mpole kweli, mwenye kofia pana, na mkononi alibeba shada la maua alilonunua Embu mjini. Mimi nilikuwa mkalimani. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu karibu sana, nikawa nasikia pumzi yake.

Bibi alishika mikono ya mwenyekiti.

"Anasema amekulilia," nikatafsiri. "Anasema tangu asome habari yako hajakusahau."

Mama alitazama chini. Kwa mtu asiyemjua ilionekana kama majonzi. Mimi nilimjua, na nilijua ni aibu, ile ya mtu kushukuriwa kwa kitu asichokifanya. Wenzake walitazama kando. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kisha bibi akainua yale maua, akasema jambo ambalo mkurugenzi hakulitarajia, maana nilisikia pumzi yake ikikatika. Alikuwa anaomba aonyeshwe kaburi la mzee, ayaweke pale.

Mkurugenzi akajitia hamnazo, akatabasamu, akamwambia mama harakaharaka kwa Kiembu: sema hakuna kaburi, mamba hakubakisha kitu.

Mama akamtazama. Alikuwa ameshavumilia picha, amevumilia kijitabu, amevumilia mbuzi, na sasa alikuwa anatakiwa amlishe mumewe kwa mamba kwa kinywa chake mwenyewe. Akanigeukia mimi.

"Mwambie hana kaburi kwa sababu hajafa. Yuko hapo kwa jirani, nyuma ya ua. Anakunywa uji."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile sikuwahi kutafsiri kitu kwa raha kama hicho. Mmoja wa akina mama alikuwa ameshakimbia kumwita mzee, na mzee akaja akijifuta mdomo kwa kiganja, hajui kilichotokea, akidhani mambo yamekwisha na sasa anaitwa asalimie. Alimkuta bibi amesimama na maua yamenyooshwa mbele. Akadhani ni zawadi. Akayapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema asante sana.

Kisha akataka kumwonyesha mtaro. Alikuwa na hamu nao, hasa pale penye mwamba. Alitangulia hatua kadhaa, maua kwapani, akigeuka kuona kama mgeni anamfuata. Mgeni alikuwa anaelekea kwenye gari. Alikuwa analia tena, na safari hii alikuwa anajililia mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa anamkimbilia akieleza kwa Kiingereza kizuri. Hakuna aliyekunywa chai.

Jibu la mfadhili lilikuja upesi. Uaminifu umevunjika, msaada umesitishwa, kanuni zao haziruhusu vinginevyo, wanawatakia wanajamii kila la heri. Niliandika kwa jina langu kuwaeleza kwamba aliyedanganya ni mtu mmoja mwenye ofisi, kwamba kijiji kilichimba mtaro na kusema kweli, na kwamba waliosema kweli ndio wanaoadhibiwa. Nilijibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Hao watu walimlilia mwanamke mwenye mume aliyeliwa na mamba. Mume alipotokea mzima, machozi yakakauka na mabomba yakakauka nayo. Na mamba bado walikuwa pale pale, hakuna aliyewasitisha.

Shirika likafungwa. Mkurugenzi yuko kaunti nyingine sasa, kwenye shirika la watoto, nimemwona kwenye picha amevaa kizibao kipya chenye nembo, amempakata mtoto wa mtu. Nikimwangalia huyo mtoto najiuliza ameandikiwa habari gani. Mimi nilirudi Kibirichia, nauza mbegu za viazi, na nalala usingizi.

Ila huwa nashuka Kiambere mara mojamoja kuwasalimia. Mtaro upo bado. Mvua imeuangusha kingo sehemu nyingi, mbuzi wanapita ndani yake kujikinga jua. Akina mama wanateremka bwawani kama zamani. Nilidhani nitawakuta wakimlaani mkurugenzi, au yule bibi wa maua. Kumbe hao walikuwa wameshasahaulika. Waliyekuwa wakimlaumu ni mzee. Sokoni nilimsikia mwanamume mmoja akisema wazi, bila kupunguza sauti, "Huyo ndiye alitukatia maji. Si aliambiwa akae ndani siku moja tu?" Na mama mmoja, niliyekula kwake mara nyingi, aliniambia kwa upole kwamba mzee ni mtu mzuri lakini hakuwafikiria wengine. Nilimuuliza alitaka afanye nini, awe amekufa? Akasema hapana, si kufa, kunyamaza tu.

Mara ya mwisho niliposhuka ilikuwa Jumapili, nikaenda nao kanisani. Nilikaa na mwenyekiti kwenye benchi la akina mama. Baada ya matangazo mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno, na mzee akasimama upande wa wanaume. Amekonda. Alishika kofia yake mbele ya kifua na kuzungumza akitazama sakafu.

"Ndugu zangu, mimi naomba msamaha," akasema. "Niliombwa nikae kando, nikakubali. Halafu nikaitwa nikatoka. Ningekataa kutoka, leo maji yangekuwa hapa. Kwa hiyo naomba mnisamehe."

Nilingoja mtu amwambie akae chini, hana kosa. Nilimtazama mchungaji, nikawatazama wazee wa kanisa, watu waliochimba naye, waliokula mbuzi wake. Mkewe kando yangu alikuwa ameuma mdomo. Mimi nilitaka kusimama nipige kelele, lakini kwenye kanisa lile mgeni hasemi mpaka aitwe, na hakuna aliyeniita.

Mchungaji akasema kanisa limemsamehe. Watu wakapiga makofi, na mzee akashukuru, akakaa.